Barua ya Nyumba Kumi na Tisa

Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Kwa huzuni kubwa nakuarifu kwamba mwanao ameanguka akiitumikia nchi yake. Nilikuwa karibu naye. Hakuteseka. Aliinamisha kichwa, akasali kwa sauti ndogo, akamtaja mama yake, kisha akalala kwa amani. Mungu akufariji.

Mchungaji wa Kikosi


Tarehe 20 Machi

Mwanangu Mchungaji,

Bwana asifiwe. Hujambo huko? Unakula vizuri? Mimi mzima wa mwili, mengine Mungu anajua.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kupasuka. Acha nikwambie sababu. Tangu baba yake afariki, kijana wangu aliacha kusali. Alisema hana la kumwambia Mungu. Siku anaondoka, begi liko begani, nilimwambia, "Usirudi kwangu mpaka urudi kwake." Alitoka akipiga mluzi kama kawaida yake. Hata jina lake la utani, Mluzi, nilimpa mimi, kwa kumgombeza. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kinywani mwangu.

Sasa wewe unaniambia alisali. Umenitua mzigo ambao hata mchungaji wetu wa hapa sijawahi kumwonyesha. Mungu akutunze, na uvae sweta.

Mama yake


Tarehe 12 Novemba

Mchungaji,

Salamu. Nipo.

Jumapili iliyopita kanisa letu liliwakumbuka waliokufa wakiitumikia nchi. Majina yalisomwa, mishumaa ikawashwa, na akina mama tuliofiwa tukaombwa kusoma tulichonacho. Alitangulia mama mmoja mwoka mikate, ambaye mwanawe alikuwa kikosi kimoja na wangu. Akafungua barua yake. Nami yangu nilikuwa nimeshaikunjua, nangoja zamu. Akaanza kusoma, nikajikuta namfuata mstari kwa mstari. Alipofika "kwa sauti ndogo", na mimi nilikuwa hapo hapo. Zamu yangu ilipofika nilisema macho yananisumbua, nikaketi. Yeye hajui kitu.

Nimekuwa dobi wa hospitali miaka ishirini na sita. Barua yako ni kama shuka la wodi: safi, limepigwa pasi, na kila mtu ameshalilalia. Sitaki unibembeleze. Nijibu jambo moja tu: mwanangu alisali au hakusali?

Mama yake Mluzi


Tarehe 15 Januari

Mchungaji,

Hujambo. Miezi miwili sasa. Karani wa posta akiniona tu anatikisa kichwa, hata sijafika dirishani.

Kama ni aibu, njoo nayo hivyo hivyo. Kazi yangu ni kufua uchafu wa watu, sishtuki upesi.

Mama wa mtu


Tarehe 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana.

Sijui kama alisali. Sikuwepo. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa, na sikupata ujasiri wa kumfunua.

Barua ile niliiandika mara ya kwanza kwa mama wa kijana niliyemshika mkono mwenyewe mpaka akakata roho, na kwake kila neno ni kweli. Kijana huyo ni mtoto wa huyo mama mwoka mikate. Tafadhali usimwondolee. Baada yake walikufa wengine haraka haraka, maneno yakaniishia, nikawa nainakili. Nimeipeleka nyumba kumi na tisa. Nilijiambia ni faraja. Ilikuwa uvivu na woga.

Baada ya barua yako nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nilikwenda kuuliza. Mpishi wa kikosi ndiye aliyenipa haya. Mwanao aliendesha lori la maji, akiyagawa kwenye vituo vitatu. Siku ile alikuwa amemaliza mzunguko na amevua viatu. Kituo cha tatu wakapiga redio kwamba pipa lao limetoboka, na wana majeruhi wawili. Mpishi akamwambia hiyo ni zamu ya mwenzake. Akavaa viatu, akarudi barabarani. Bomu lilikuwa limefukiwa njiani. Hakufika.

Ibadani hakuwahi kuingia. Alikaa nje ya hema, ameegemea gurudumu la lori lake, na tukiimba alitufuata kwa mluzi, tena bila kukosea. Siku moja nilimwita aingie. Akacheka, akasema, "Nimegombana na mwenye nyumba, Mchungaji, lakini sijahama."

Haya ndiyo niliyonayo. Nimeshakubunia mengi, sitaongeza tena hata neno.

Nisamehe, Mama.

Mimi


Tarehe 11 Novemba

Mwanangu,

Bwana asifiwe. U mzima? Mimi magoti yananisumbua, lakini natembea.

Nimekaa miezi tisa bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na si na wewe peke yako. Nilimwonea wivu yule mama. Nilitamani barua yake nayo iwe ya uongo, tulingane. Mungu anisamehe. Nilikwenda kwake, nikakaa karibu na tanuri lake, nikamwomba anisomee tena. Akasoma. Safari hii nilimsikiliza kijana wake tu, nikamlilia.

Jana ilikuwa tena Jumapili ya kuwakumbuka vijana wetu. Zamu yangu ilipofika sikusingizia macho. Nilisoma barua yako ya pili, ile ya lori la maji, na ulipoandika hujui kama alisali, nikasoma hivyo hivyo. Mchungaji wetu alikohoa. Nilipofika kwenye yale maneno ya mwenye nyumba, watu walicheka kidogo, nami nikasoma mpaka mwisho.

Mimi nilimkataza kurudi, naye amekufa akirudi kwa watu wenye kiu. Hilo linaniuma na litaniuma hadi kaburini. Lakini Bwana mwenyewe aliomba maji msalabani, na sidhani atamfungia mlango mtu aliyekuwa anayapeleka. Kama bado wamegombana, wagombane uso kwa uso.

Sasa wewe. Ukitoa yake na yangu, zimebaki nyumba kumi na saba. Kwetu hospitalini mashuka yenye damu hayaingii mashineni pamoja na mengine. Tunayatoa pembeni, tunayaloweka kwenye maji baridi, tunayafikicha kwa mkono, moja moja, na vidole vinauma. Nenda kaulize habari za kila kijana, kisha uwaandikie mama zao. Ukichoka, niandikie mimi kwanza, halafu uendelee.

Mama yako