Baba, Kesi Yako Haijafa

Baba,

Wamekuandika ukutani. Darasa la sita la shule yako kule Beu, mjini Beni, sasa lina jina lako, kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, na neno "Directeur", yaani mwalimu mkuu, mbele yake. Mwenye shule alialika wazazi, akakata utepe, akatoa machozi mbele ya watoto. Mtu aliyekosa pesa ya kukulipa mshahara wa miezi ishirini na miwili amepata pesa ya rangi! Nilisimama nyuma, karibu na vyoo, nikaondoka kabla soda hazijagawiwa.

Tangu tulipokuzika sijakuandikia, kwa sababu ya aibu. Leo naandika kwa kuwa kuna jambo nimelifanya, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka wakati ule watu wa Beni walipokuwa wakikimbia mauaji kila mara, madarasa yakabaki nusu tupu? Walimu wengine walirudi kwao Butembo. Wewe ulipiga kengele kila asubuhi, hata siku ulipokuwa na watoto tisa shule nzima. Mwenye shule akakuambia, "Directeur, tuvumilie. Wewe njo ndugu yangu, utakula ya mwisho." Ukavumilia. Watoto walirudi, wazazi wakalipa, walimu wakapewa chao, nyumba yake ikapanda ghorofa. Wewe uliendelea kungoja hiyo ya mwisho. Mkataba hukuwa nao; mlisoma benchi moja, na neno lake lilikutosha. Mimi nilikuwa nakutania: "Papa, unafundisha batoto kuandika, na wewe mwenyewe haukuandikisha kitu." Ulicheka, lakini kidogo.

Ulipomshitaki, watu walikushangaa. Eti direkta mzima anampeleka ndugu yake mahakamani, tena kwa ajili ya pesa! Uliniambia maneno machache tu: "Siombe huruma yake, Masika. Naomba mushahara yangu."

Kisha figo zikakuangusha, tukakuleta nyumbani Butembo. Na hapo ndipo mimi, mtoto wako wa kwanza, nilipoharibu.

Mwenye shule alikuja Jumapili baada ya misa, anavuta mbuzi kwa kamba. Ulikuwa umelala. Najua desturi yetu tangu utotoni: aliyekosa akileta mbuzi, na aliyekosewa akala, neno limekwisha. Halifufuliwi tena, hata kwenye kyaghanda, baraza la ukoo, mbele ya wazee. Lakini akaniambia, "Hii mbuzi hapana ya kesi, binti yangu. Ni ya mugonjwa. Mugonjwa anywe supu." Nikamwamini. Au niliona haya kumrudisha mzee mzima na mbuzi wake mbele ya majirani. Na njaa pia, Baba, niseme ukweli. Tulikuwa tumeshachoka na sombe tupu, majani ya muhogo kila siku. Nikaita mtu wa kuchinja, nikapika.

Ulipoamka nilikupa bakuli. Uliuliza, "Nyama imetoka wapi?" Nikakujibu, "Kwa jirani." Ukanywa, ukasema ina chumvi nzuri. Ndipo mwenye shule, aliyekuwa akingoja sebuleni, akaingia, akakupa pole, akaketi kando ya kitanda na kukupiga picha na bakuli lako kwa simu yake, eti ya ukumbusho. Wewe na adabu zako ukamshukuru kwa kuja kukuona.

Picha hiyo wakili wake aliionyesha mahakamani. Wamekwisha kupatana, alisema, mlalamikaji amekula mbuzi. Wakili wetu alipotuletea habari, ulinigeukia. "Masika, ile supu ilikuwa kesi yangu." Basi. Afadhali ungenitukana. Tangu siku hiyo hukula tena chakula nilichokipika mimi. Ulikula kwa mkono wa mdogo wangu mpaka ulipotutoka.

Sanduku lako la kuzikia alilinunua mwenye shule, lenye kioo. Alihutubia kaburini, na Baba Mdogo akamshukuru kwa niaba ya ukoo. Nilitaka kupiga kelele, Baba, nikashika leso yangu kama mtoto mwenye malezi mema. Matanga yalipokwisha, wakili alitueleza kuwa kesi itafungwa kama hakuna mtoto wako atakayeiendeleza. Baba Mdogo akajibu kwa niaba ya wote: "Mutu akishakula, hawezi tena kulia njaa. Na sanduku alilipa. Munataka nini tena?" Wote waliangalia chini. Hata mimi.

Lakini ule ukuta, Baba. Ule ukuta ulinishinda. Kutoka pale kwenye sherehe nilikwenda moja kwa moja kwa wakili, nikatia sahihi kwamba naiendeleza kesi yako. Jumanne iliyopita nikapanda taksi kwenda Beni. Hakimu ni mtu aliyeletwa kutoka mbali, hajui mambo ya mbuzi wetu, ikabidi nimweleze yote. Nikasema marehemu hakujua. Mimi nilimpokea yule mbuzi, mimi nilimdanganya. Wakili wao akasimama, anatabasamu: "Donc, Madame, ulidanganya papa yako mugonjwa?" Nikasema, "Ndiyo." Nyuma yangu nilisikia wanawake wakiguna.

Sasa nyumbani hawanisalimu. Baba Mdogo amesema nisikanyage kwake hata kwa kilio, nimefukua neno lililozikwa. Mwenye shule anapita sokoni akiuliza watu kama binti aliyemdanganya babaye kitandani anaweza kusema kweli mbele ya hakimu. Ni swali zuri. Hata mimi najiuliza.

Hukumu bado. Wakili anasema tunaweza kushinda, tunaweza kushindwa, na uso wake haunipi moyo.

Pumzika, Baba. Nakuahidi siku ya hukumu nitaketi benchi ya mbele, na wakitukatalia nitakata rufaa, ukoo upende usipende. Siku yako ya mwisho uliniita kwa jina, ukanyoosha mkono. Nilijifanya natafuta maji, nikatoka nje. Niliogopa kwamba ulitaka kunisamehe.

Usinisamehe bado. Ngoja kwanza wasome hukumu.

Binti yako,
Masika