Mistari Minne ya Chaki Nyuma ya Picha

Mwaka umetimia leo, kaka, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa kwenye meza yako ya kazi, penseli sikioni, chai yako ikiwa bado ya moto. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukuteseka. Tulimshukuru kwa neno hilo, ingawa halijatusaidia sana.

Kalamu amekabidhiwa dada yako, kwa kuwa mkeo anasema akianza yeye karatasi italowa kabla ya mstari wa pili. Nawe unamjua dada yako, hajui kuandika kwa kifupi. Tuvumilie.

Mtaani walikuita Fundi Fremu, na jina hilo ulilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Ulitia fremu picha za harusi, vyeti vya shule na nyuso za marehemu wa watu. Pembe ya fremu ikiacha uwazi hata wa unywele, uliibomoa yote ukaanza upya, huku mteja amesimama mlangoni akitazama saa. Ulimwambia kwamba ataitazama picha hiyo miaka thelathini, kwa hiyo dakika kumi asizionee uchungu. Watu walinung'unika, lakini walirudi kwako tu.

Sisi wa nyumbani tulijua kwamba mikono yako ilikuwa kwenye fremu na roho yako kwenye picha. Ujanani ulikuwa mchoraji. Ulipokuwa na miaka ishirini na miwili ulisikia kuna taasisi inayotoa ufadhili wa mwaka mzima kwa wasanii chipukizi: chumba cha kufanyia kazi, msanii mzoefu wa kukuongoza, na maonyesho mwishoni. Ukachagua picha zako tatu bora, ukazikunja pamoja rangi ikiwa bado mbichi, ukazipeleka posta. Zilifika zimegandana, hazibanduki. Barua waliyokuandikia ilikuwa ya heshima mno, na heshima yenyewe ndiyo iliyokuumiza. Hukuwa na mtu wa kukuambia kwamba waombaji hutuma picha zilizopigwa kwa kamera, na kazi yenyewe hubaki nyumbani. Maisha yako yote ulisema hukushindwa kuchora, ulishindwa kutuma.

Ndipo zilipozaliwa Jumamosi zako. Kila Jumamosi asubuhi ulifunga mlango wa mbele wa karakana na kufungua wa nyuma, wakaingia wachoraji wako, wawili au watatu kwa mwaka, hukutaka zaidi. Uliwafundisha kupiga picha za kazi zao kivulini, si juani. Uliwafundisha kuandika ukubwa, vifaa na mwaka, kujaza fomu bila kuacha nafasi tupu, na kueleza kazi yao kwa maneno machache. Maelezo hayo walipaswa kuyasoma kwa sauti mbele ya mkeo akiwa anapiga pasi. Akiinua pasi na kuuliza, "Hapo maana yake nini?" sentensi hiyo ilikatwa, hata kama mwenyewe aliipenda kama mwanawe. Mkeo anasema hajawahi kunyoosha nguo vibaya kama Jumamosi.

Barua zako za kuwapendekeza zilikuwa fupi kupita kiasi. Tunayo nakala ya moja. Imeandikwa: "Huyu hachoki. Mpeni chumba." Basi, na sahihi. Aliyeandikiwa barua hiyo alipewa chumba, na leo anachora vibonzo gazetini. Mwingine anafundisha sanaa sekondari. Kuna na yule binti mchonga mawe, aliyekuwa haongei kabisa, ambaye siku ya mazishi yako alisimama akazungumza nusu saa bila karatasi.

Na ulikuwa na sheria yako moja, isiyo na msamaha. Picha ikimalizika inageuzwa, uso ukutani, siku saba. Si kwa ajili ya rangi kukauka, ulisema, ni kwa ajili ya jicho kupoa. Kila siku mwenye picha anachora mstari mmoja wa chaki mgongoni mwake, akianza siku ile ile aliyomaliza. Siku ya saba anaigeuza na kuitazama kama mgeni. Ukiwa umeona kosa, hukulitaja kamwe. Mwenye picha aliona mwenyewe au alibaki nalo. Wengine walikuita mkaidi, na dada yako alikuwa wa kwanza.

Sasa tuje kwa mpwa wako, binti wa dada yako huyu anayeandika, kwa sababu leo ni siku yake kama ilivyo yako.

Ulimwita Bi Haraka tangu alipojifunza kutembea, maana hakutembea, alikimbia. Alikuja kwenye Jumamosi zako akiwa na miaka kumi na minane. Wewe, uliyeogopa kuambiwa unapendelea damu yako, ulimbana kuliko wote. Wenzake waliandika maelezo mara tatu, yeye mara tisa. Alikuja nyumbani akilia kwamba mjomba ana roho ya jiwe, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikupenda mno, kaka. Kwake hapakuwa na mchoraji mwingine duniani aliyepaswa kumwambia kama anaweza au hawezi.

Mwaka jana ukamruhusu aombe ufadhili ule ule uliokuponyoka. Picha yake kubwa ilikuwa wewe mwenyewe, umekaa kwenye kiti chako cha karakana, mkono wa kushoto umeshika pembe ya fremu. Ulimkalia wiki sita. Ulilalamika mgongo, ulilalamika nzi, lakini hukusogea.

Siku aliyomaliza mlikuwa wawili tu, na sisi tulikuja kujua juzi juzi tu kilichotokea. Alikuita uje utazame. Ukatazama picha, ukajitazama mwenyewe, ukatazama picha tena. Kisha ukaanza kucheka. Ulicheka mpaka ukashika meza, mpaka ukavua miwani na kufuta machozi. Alipokuuliza unacheka nini, ulisema maneno mawili tu: "Siku saba." Yeye akageuza picha ukutani, akachora mstari wa kwanza, akatoka bila kukuaga.

Siku ya pili hakuja. Wala ya tatu. Siku ya nne asubuhi ulituacha.

Mgongoni mwa picha ile kuna mistari minne ya chaki. Wa kwanza umelala kulia. Mitatu inayofuata imelala kushoto, kama kilivyolala kila kitu ulichoandika kwa mkono wako wa kushoto. Kila siku uliinuka kwenye kazi yako ukamhesabia siku zake, mtu aliyekununia. Wa nne umefutika kidogo upande mmoja, alama ya kidole chenye unyevu. Hata chai ulikuwa hujainywa.

Baada ya mazishi hakuna aliyethubutu kuigeuza. Mkeo alifagia kuizunguka. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ikapita. Bi Haraka akafunga brashi zake kwa uzi, akampa mama yake azitunze, akaenda kufanya kazi kwenye duka la kupiga picha za pasipoti na kutoa nakala. Tulidhani ni majonzi. Tulimwambia ajipe muda. Alijibu vizuri, akala vizuri, na mwaka mzima hakuchora hata paka kwenye bahasha.

Wiki iliyopita yule mchora vibonzo wako alikuja na fomu za mwaka huu. Aliziweka mezani mbele ya binti, akamwambia yuko tayari kumwandikia barua. Bi Haraka akazisukuma taratibu.

"Aliyenifundisha alikufa akinicheka," alisema. "Niwapelekee nini?"

Ndipo akatusimulia. Kaka, ilikuwa kama tumemwagiwa maji. Mwaka mzima mtoto huyu amekula nasi, amelala nasi, na kicheko chako kiko kifuani mwake, nasi hatujui. Mama yake alitaka kukukasirikia, na tunakiri kwamba kwa siku moja hivi alikukasirikia kweli. Ungepungukiwa na nini kumwambia neno moja?

Mkeo ndiye aliyekumbuka. Alisema siku ile ulikuja kula ukiwa unatabasamu peke yako, na alipokuuliza ulimwambia asubiri wiki iishe, atacheka na yeye. Wiki haikuisha. Kwenye msiba, nani angekumbuka tabasamu la mezani?

"Zimebaki siku tatu," mkeo akamwambia Bi Haraka. "Hukuzimaliza. Twende tukazimalize."

Binti alikataa. Alisema anaogopa. Akiigeuza na kukuta ulikuwa na haki ya kucheka, hatabakiwa na kitu, hata kumbukumbu yako haitakuwa yake tena. Mkeo hakumbembeleza. Alisema tu kwamba chaki ipo pale pale ulipoiacha, na kwamba atakayetaka kuja aje.

Mstari wa tano ameuchora mkeo, juzi. Umepinda kidogo. Wa sita ameuchora dada yako, jana, mnene kupita yote, kama mwenyewe. Usiku huo hatukumwambia binti lolote. Leo asubuhi tulimkuta karakana ametutangulia, chaki mkononi, amekaa kwenye kiti chako. Alichora wa saba, akashika picha kwa pembe zake mbili, akaigeuza.

Ulikuwa wewe, kaka. Tusikudanganye, tulilia wote. Miwani yako iliyofungwa uzi, penseli sikioni, ule mdomo wa mtu anayetaka kulalamika. Mkeo alikusogelea akakugusa shavu, rangi tupu, akabaki hapo. Dada yako alitafuta pa kukaa. Hatukuona kosa lolote, na hatukuwa tunalitafuta.

Bi Haraka hakulia. Alirudi nyuma hatua tatu kama ulivyomfundisha, akatazama muda mrefu. Kisha akakunja uso. Akasogea, akainama, akaanza kugusa mkono wako wa kushoto kidole kimoja kimoja, pale ulipokumbatia ile pembe ya fremu. Alifika mwisho akarudia tangu mwanzo.

"Sita," alisema.

Tulihesabu sote. Sita. Umeshika fremu kwa vidole sita, vimepangwa vizuri, kila kimoja na ukucha wake, kila kimoja na kivuli chake. Wiki sita alikuwa akiuchora mkono huo, akiurudia, akiupenda, mpaka akauzidishia.

Alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi la mbao, akaanza kucheka. Alicheka kama ulivyocheka wewe, mpaka akashika mguu wa meza. Halafu kile kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho ndicho tulichokuwa tukikingoja mwaka mzima. Mkeo alikaa naye chini, na nguo zake nzuri za leo.

"Alikuwa anacheka mkono," alisema binti. "Mkono tu. Na mimi nilikaa siku tatu bila kuja. Angenisubiri, ningekuja ya saba nimwombe radhi."

"Alijua utakuja," mkeo akamwambia. "Ndiyo maana alikuwa anakuchorea."

Dada yako anakuomba radhi kwa ile siku moja ya hasira. Anasema pia, na anataka iandikwe, kwamba bado wewe ni mkaidi. Sheria yako ilikuwa nzuri, lakini ilihitaji mtu aishi siku saba, na hilo hukulifikiria. Nasi pia hatukulifikiria. Tunaumia kwamba wewe na binti mlitengana hivyo, na hatuna namna ya kulirekebisha.

Mkeo alimsihi binti akiache kidole kile, kiwe kumbukumbu ya kicheko chako. Bi Haraka alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamwambia mama yake ampe brashi zake.

"Mjomba haendi mbele ya watu na vidole sita," alisema.

Mama yake alikuwa nazo mkobani. Tangu asubuhi alikuwa nazo, hakumwambia mtu. Kazi yenyewe ilichukua saa nzima, kwa mtu tunayemwita Bi Haraka. Alipomaliza hakuuliza yeyote kati yetu anaonaje. Aliigeuza picha uso ukutani, akaacha mistari yote ya zamani kama ilivyo, na chini yake akachora mmoja mpya. Fomu zinafungwa baada ya siku kumi. Mchora vibonzo atakuja siku ya nane na kamera yake, apige picha kivulini.

Wanaokukumbuka leo ni mkeo, ambaye bado anaweka chai upande wako wa meza kisha anainywa mwenyewe, wanao wawili, dada yako na shemeji yako, mpwa wako, na wote waliosoma maelezo yao mbele ya pasi. Mungu akulaze mahali pema.

Pumzika, Fundi Fremu. Tumekubakiza na vidole vitano, na hatutakusahau kamwe. Siku ya kwanza imeshahesabiwa.