Papa, Nilikukana Bungeni

Mpendwa Papa,

Tangu tukuzike pale Mpala, nimekuja kaburini mara nyingi kukusimulia habari za huku Kalemie. Hii moja nilishindwa kuisema nikiwa nimesimama mbele yako, ndiyo maana naiandika.

Unakumbuka siku nilipokuletea ripoti yangu ya shule uitie sahihi? Ulikuwa umetoka karakana ya reli, mikono ina grisi. Ulichovya kidole gumba kwenye wino, ukakibonyeza palipoandikwa "sahihi ya mzazi". Niliikunja ile karatasi mara nne ili wenzangu wasione. Iliporudi nyumbani uliiona ilivyokunjwa, ukaniuliza taratibu, "Uliona haya, mama?" Nikasema hapana.

Wewe usiyejua kusoma ndiwe uliyefundisha mafundi wengi wa bandari hii. Mama Apolina alikuja kwako akiwa msichana, watu wakasema kuchomelea vyuma si kazi ya mwanamke. Ukamwambia, "Moto haiulize kama uko mwanaume," ukampa kinga ya uso aanze.

Mwaka huu bunge la jimbo lilijadili sheria mpya ya mafunzo ya kazi. Kifungu kimoja kilisema fundi aliyefundishwa karakanani, hata kama hana diploma, apimwe kwa kazi ya mikono yake, na akifaulu apewe cheti cha serikali. Bila cheti hicho kampuni kubwa hazimwajiri. Mimi, binti yako mbunge, ndiye niliyeahidi kukitetea. Nikamwalika Mama Apolina aje kusikiliza.

Kabla ya zamu yangu, mbunge mmoja alisimama akasema, "Muntu asiyejua kuandika jina yake, tutamupa cheti ya nini? Ya kuvua samaki?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilipoitwa, hotuba yangu ilikuwa mkononi. Sikuisoma. Nilisema, kwa Kifaransa kile ambacho ulijinyima mengi ili nikijue, kwamba jimbo letu haliwezi kumpa heshima hiyo mtu asiyejua herufi. Wakanipigia makofi. Hakuna aliyenilazimisha, Papa. Niliogopa tu kuchekwa. Kifungu kikakataliwa kwa tofauti ya kura moja.

Mama Apolina alinisubiri nje, kwenye ngazi. Yeye aliyekuwa akiniita "mudogo wangu" tangu utoto aliniambia, "Asante kwa kunialika, Mheshimiwa." Akaondoka.

Wiki iliyofuata nilimwendea karakanani kwake. Alikuwa akichomelea usukani wa boti, wala hakuvua kinga mpaka alipomaliza.

"Nimekosa, dada," nikasema.

"Mimi niko na wateja wangu," akajibu. Akanyoosha mkono kwa wanawake watatu waliokuwa wakikata mabati. "Hawa njo walikuwa wanangojea ile karatasi. Ambia wao."

Nikawaambia yote, hata habari zako. Mmoja wao akaniuliza kama mbunge anaweza kurudi kuyafuta aliyoyasema. Nikasema sijui. Wakarudi kwenye mabati yao.

Sasa nimeandika pendekezo la kukirejesha kifungu. Nimelizungusha kwa wenzangu, na mpaka leo lina sahihi yangu peke yake. Nitakapolitetea itabidi niwaeleze wewe ulikuwa nani. Nimejizoeza nyumbani, mlango nimeufunga, na ninaona aibu kukuambia kwamba kila nikifika kwenye maneno "baba yangu hakujua kuandika", nayaruka. Nina miaka hamsini, Papa, na bado naogopa kicheko.

Kikao ni Jumatatu. Nimemwomba Mama Apolina aje tena.

Pumzika, Papa. Sikuombi unisamehe kabla sijasimama.

Binti yako