Mguu wa Mabula

Jumapili, Kirumba. Asubuhi manyunyu, sasa jua linakausha mabati.

Kosa wanalofanya wengi wakiwa kazini pamoja ni kumgeukia aliyekosea. Hawasemi neno. Wanageuza shingo tu, na hiyo inatosha kummaliza mtu.

Nimelifikiria hilo leo kwa sababu Ishengoma amenitembelea. Ameshuka melini kutoka Bukoba na mkungu mzima wa ndizi. "Shikamoo kaka," amesema mlangoni, mzee mwenye mvi kunizidi, nami nimeitikia marahaba bila haya. Enzi za Ujamaa yeye ndiye aliyekuwa mdogo wetu katika bendi. Alipiga tarumbeta. Mimi nilipiga gita la ridhimu.

Acha nieleze kidogo, maana wajukuu wanaosoma hapa hawakuyaona hayo. Bendi yetu ilikuwa mali ya shirika la umma. Magita, spika, hata mashati ya jukwaani yalikuwa ya shirika, nasi tulikuwa waajiriwa: asubuhi ghalani, jioni mazoezini, Jumamosi dansini. Mwanamuziki mpya alianza kwa majaribio, na mwishoni afisa alikuja kumtazama akipiga. Akifaulu anapata kazi na chumba. Akishindwa anarudi kwao.

Ishengoma alikuwa amemwacha baba yake kwenye shamba la kahawa bila kuagana vizuri. Kurudi mikono mitupu asingeweza.

Majaribio yake yaliishia Nansio. Tulivuka ziwa na vyombo vyetu, afisa akakaa meza ya mbele. Muziki hakuujua. Nyuso alijua kuzisoma, na hapo ndipo palipotutia hofu.

Magesa, mwimbaji wetu, alikuwa katikati ya ubeti wa pili tarumbeta lilipolia. Mapema mno.

Hakuna aliyegeuka.

Msidhani tulipendana kupita kiasi. Wakati huo sabuni ilikuwa adimu, na Magesa alikuwa amenuniana na mpiga tumba wiki nzima kwa ajili ya kipande kimoja. Lakini jukwaani tulikuwa na sheria: mwenzako akikosea, shingo yako ibaki ilipo. Wacheza dansi wengi hawasikii kosa. Wanaliona kwenye nyuso zetu.

Basi Magesa alirudi nyuma hatua moja, akamnyooshea Ishengoma mkono kama anayemkaribisha mgeni sebuleni. Mabula, mpiga besi, hakusonga mbele wala hakurudi. Alizungusha noti zilezile, nami nikamfuata. Tarumbeta lilipomaliza, Magesa alirudi kwenye kipaza sauti na kuumalizia ubeti wake, kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo. Watu wakashangilia. Afisa naye akapiga makofi.

Ishengoma akaajiriwa. Hatukulizungumzia tena jambo hilo.

Mpaka leo. Tulikuwa tunakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Kaka, siku ile Nansio. Mlisikia?"

"Tulisikia wote."

"Wote?"

"Hata mbuzi wa Nansio walisikia."

Alicheka mpaka akaanza kukohoa. "Miaka yote hii najidanganya kwamba hamkugundua! Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliambiwa. Hukuuona mguu wa Mabula?"

Kuanzia dansi lililofuata, Mabula alikuwa na kawaida mpya. Kila tarumbeta lilipokaribia kuingia, aliinua mguu wa kulia na kuukanyagisha chini, mara moja. Kila wimbo, kila dansi, hadi bendi ilipovunjika.

"Ule mguu?" Ishengoma akashika kichwa. "Mimi nilidhani ni mbwembwe zake za Kisukuma! Nilikuwa namtania, 'Mabula, unaua mende?'"

"Naye alikujibu nini?"

"Alisema, 'Wapo wengi.'"

Hapo tulicheka wote wawili, mke wangu akaja kuchungulia kama tuko salama.

Kisha Ishengoma akatazama ziwa kupitia mlangoni. Akasema baada ya Nansio hakuwahi kuingia mapema tena, na siku zote aliamini ni kwa sababu alikuwa ameiva. Nikamwambia aliiva kweli. Mtu asiyefuata besi asingeingia sawa na mguu ule, hata ukanyagishwe namna gani.

Sijui kama amekubali. Lakini amekata mkungu wake katikati, akasema nusu si yangu.

Mabula yuko Misungwi, magoti yamechoka, masikio bado mazima. Kesho tunampelekea ndizi zake. Ishengoma anataka kumshukuru, na mimi nataka kuwapo nisikie Mabula atakavyolikwepa jambo hilo kwa utani mwingine.

Nimeridhika leo, na sina la kuongeza isipokuwa hili.

Mwenzako akikosea leo, usigeuze shingo.