Jina la Ukoo la Rufus

Jumamosi, 28 Agosti 2021

Serikali ya huku ugenini imelegeza amri ya korona: kuanzia Ijumaa ijayo ndoa ruksa tena — wageni watano tu! Nikamwonyesha Baba kadi ya harusi niliyoitengeneza. Mchumba wangu Baba anampenda, lakini jina lake la ukoo hakuwahi kulisikia. Rufus Coward. Akalitafsiri mwenyewe, polepole. "Mwoga? Wajukuu wangu waitwe Waoga?" Akainuka. Chai kaiacha mezani. Eti harusini haji.

Simwachi Rufus. Basi.

Jumapili, 29 Agosti

Ibada ya Zoom. Baba kazima kamera. Mama kanivuta jikoni: tulipokimbia vita kutoka Burundi, kaka yake Baba alibaki, akamwita mwoga mbele ya watu — mimi nikiwa mgongoni kwa Baba. Neno hilo halijamtoka. Sikujua! Nimelia. Lakini harusi iko palepale, na Baba atakuwepo.

Jumanne, 31 Agosti

Rufus kapiga simu kutoka kwao, Quakers Hill. Yuko tayari kuchukua jina la ukoo wa mama yake. Shuleni walimcheka mpaka akazoea. Nikamuuliza, maana yake nini hasa? Hajui! Kwetu kila mtoto ana jina lake, na maana yake anaijua. Nimemwambia asibadili kitu. Kwanza amuulize shangazi yake, yule mwalimu mstaafu.

Alhamisi, 2 Septemba

Mchunga ng'ombe!!!

Nimesoma kazini wakati wa chai, nikapiga kelele, bibi ninayemhudumia akashtuka. Shangazi kanitumia ukurasa wa kamusi ya majina. Kiingereza cha kale: cu, ng'ombe; hyrde, mchungaji. Karne zikapita, watu wakalifupisha mdomoni hadi likafanana na neno la woga. Lile ni neno lingine kabisa, limetoka Ufaransa.

Wakamcheka bure!

Jumamosi, 4 Septemba

Nimemkalisha Baba, nikamsomea. Utotoni naye alichunga. Akavua miwani.

"Ng'ombe wao wenyewe, au wa watu?"

Sijui, Baba.

"Mpigie baba yake."

Sasa yuko kibarazani, kwa video na mzee Coward. Kiingereza kinamkwama. Kaegesha simu ukutani, kainua mikono yote miwili juu ya kichwa — anamwonyesha pembe za ng'ombe wa kwetu zilivyokuwa ndefu. Mzee naye kainua yake, kidogo tu: za ng'ombe wa kwao ni fupi. Wanabishana!

Kuhusu harusi hajasema ndiyo. Ananiita nikatafsiri —