Stoat, Linnet na Kilo Nane

Jumanne, 9 Aprili 2019

Katalogi zote mbili za magari zimefika kwa posta. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili kalamu nyekundu ikiwa mkononi.

Stoat: kilo 515. Linnet: kilo 542. Ndivyo walivyochapa. Tutaona! Nimekagua mizani za watu miaka thelathini na moja — wachinjaji, wauza makaa, wenye maghala ya nafaka, mkoa mzima wa Lincolnshire — na hawa wanaouza magari ya kujiundia nyumbani ndio waongo wa kupindukia. Wepesi ndio sifa yao, basi uzito wanaupunguza kwenye karatasi. Wanapima bila mafuta, bila oili, bila tairi la akiba. Mmoja namjua alipima bila viti!

Mke wangu Glenda hatimaye amekubali tununue moja. Baada ya miaka ishirini ya "tutaona, Nev"! Ana masharti mawili tu: kiti cha abiria kimfae, na safari ya kwanza iwe ya kwenda kisiwa cha Skye, sisi wawili, bila paa. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Sasa nimekaa najiuliza kwa nini amekubali kirahisi hivyo.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumekwenda kuona Stoat. Karakana iko kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita, upepo unakata masikio. Mwenyewe anaitwa Dougie Pargeter. Anacheka mno.

Kitu cha kwanza — nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto! Saa tatu asubuhi! Anayepasha injini kabla mteja hajafika hataki mteja aone inavyowaka ikiwa baridi. Pargeter eti aliitoa nje tu apate nafasi ya kufikia birika la chai. Nimeandika.

Kisha nikashusha mizani zangu nne za bafuni, kila moja inapima hadi kilo mia mbili.

"Bwana mkubwa," akasema, "umekuja kununua gari au kupunguza tumbo?"

Glenda akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Utaratibu wangu: sipimi gari tupu. Sitakwenda Skye na gari tupu! Tangi lijazwe, tuingie wote wawili, kila gurudumu likae juu ya mizani yake. Pargeter anasoma namba, mimi nahakiki kwa kioo cha kunyolea nilichokifunga kwenye kijiti. Halafu natoa watu. Mimi ni 86, najipima kila asubuhi. Glenda ni 64, iko kwenye kadi ya nesi iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Jumla 150.

Mizani zikatoa 657. Toa 150, inabaki 507.

Kilo nane chini ya katalogi! Nimeona magunia ya makaa yaliyopunjwa, nimeona kidole gumba cha mchinjaji kikiegemea mizani. Sijaona mfanyabiashara anayejipunja sifa mwenyewe. Kuna kitu kimetolewa kwenye gari hili. Nimelala chini nikachungulia na tochi. Betri ipo. Tairi la akiba lipo. Sikuona kilichokosekana.

Na mikanda yao mibovu. Pargeter alimfunga Glenda mwenyewe, akavuta, akavuta. "Mama, nimefika mwisho wa mkanda na bado unapwaya." Mkanda usiobana abiria! Nimeandika hilo pia.

Jumanne, 16 Aprili

Glenda alikwenda maktaba. Amerudi mikono mitupu. Eti vitabu vizuri vyote vimeazimwa. Vyote?

Alhamisi, 18 Aprili

Nilikuwa bustanini chini ya dirisha la jikoni, nikipanda viazi. Glenda yuko kwenye simu, sauti ya chini. Ndiyo, Jumanne, saa tano. Kisha: "La, hajui. Nitamwambia mwenyewe."

Hajui! Asiyejua ni nani ndani ya nyumba hii kama si mimi? Tuko wawili na paka.

Nimefikiri sana. Anazungumza na mmoja wa wauzaji. Ama anataka kunishtukiza siku yangu ya kuzaliwa mwezi wa sita, ama amekwisha chagua na wananizunguka. Sijakasirika. Ila nataka kujua kama ni Pargeter.

Jumanne, 23 Aprili

Nilipita maktaba saa sita, kwa makusudi. Mlango una kufuli. Tangazo: Jumanne tunafunga. Wamekuwa wakifunga Jumanne tangu Krismasi!

Glenda, aliyeaga kwamba anakwenda maktaba, alirudi saa nane na dakika kumi. Nikamuuliza kama amepata kitabu. Kasema hakuona kizuri. Nikamtazama usoni. Akaenda kumlisha paka, na paka alikwisha kula.

Jumamosi, 27 Aprili

Linnet leo. Banda la ng'ombe la zamani upande wa pili wa mji wa Louth, safi kuliko jiko letu. Mwenyewe ni mama mmoja, Lorna Thwaite, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Boneti ya baridi! Injini iliwaka mara moja. Nikaona hapa pana ujanja wa hali ya juu — kanisoma kabla sijafika.

Nilimchunguza Glenda walipokuwa wakisalimiana, kama wanajuana. Walisalimiana kama watu wasiojuana. Wanajua kuigiza.

Mizani chini, tangi limejaa, tukaingia. Jumla 682. Toa 150: 532. Katalogi inasema 542.

Kilo kumi! Na huyu pia!

Nikamwambia Lorna Thwaite waziwazi kwamba gari lake halilingani na karatasi yake. Akafuta mikono, akaniangalia.

"Miaka kumi na tisa nauza magari haya, mzee wangu. Wewe ndiye wa kwanza kunilalamikia kwamba gari langu ni jepesi mno."

"Jepesi kwa sababu gani? Hilo ndilo ninalouliza."

"Mama, huyu yuko hivi na nyumbani?"

"Nyumbani anapima mkate," Glenda akajibu.

Wakacheka wote wawili. Mkate niliupima mara moja tu, na ulipungua kweli.

Sasa magari haya mawili ni mahasimu. Wenye Stoat wakikutana barabarani wanainua kidole kutoka kwenye usukani kusalimiana, lakini akipita mwenye Linnet wanatazama ua wa shamba. Wametengana hivyo tangu zamani. Iweje wote wawili wadanganye kwa namna moja, tena kwa kujiongezea uzito? Faida yake nini?

Wakati wa kurudi tulisimama kula. Glenda alikula kipembe cha pai ya nguruwe, iliyobaki akanipa. Ya tatu wiki hii. Nimekula, nzuri tu, sijui kasoro aliyoiona.

"Chukua lolote, Nev," akasema. "Mimi kote nimekaa vizuri. Ila tuwe Skye mwezi wa saba."

"Kwa nini wa saba? Mwezi wa tisa hakuna mbu wala watalii."

"Wa saba," akasema, akafunga kitambaa shingoni. Palikuwa na jua.

Jumatatu, 6 Mei

Sikukuu. Nimetoa mawe yangu ya shaba ya kazini, ya kilo ishirini ishirini, nikazijaribu mizani zote nne. Sahihi. Nikazijaribu tena kwa kubadilisha mawe. Sahihi! Basi tatizo si mizani.

Glenda amelala mchana. Sikukuu mbili mfululizo amelala mchana.

Jumatano, 8 Mei

Pargeter kapiga simu. Fremu ya Stoat ya mwisho kwa kiangazi hiki ananishikia hadi Jumapili jioni, baada ya hapo nyingine ni Desemba. Ujanja wa kizamani, wauza makaa wote waliujua. Lorna Thwaite naye ana moja tu. Wamepanga!

Nilimwambia Glenda tungoje Desemba, tuwakomoe. Akaweka kikombe chini.

"Si Desemba, Nev."

"Tumengoja miaka ishirini, miezi saba ni nini?"

"Nimesema si Desemba." Kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mama yake azikwe.

Na pete ya ndoa ameihamishia kidole cha kati. Nimemuuliza. Eti kile kingine kimechubuka. Sikuona mchubuko.

Jumamosi, 11 Mei

Siku mbaya. Nitaandika kwa mpangilio.

Nimerudi kwa Pargeter kumshika. Gari lile lile, tangi limejaa hadi shingoni, mizani zile zile, sisi wale wale. Namba: 653.

Mwezi uliopita ilikuwa 657! Gari limesimama karakanani na limepungua kilo nne zaidi! Nikashuka nikamwambia Pargeter mbele ya mafundi wake kwamba nimewakamata watu wakubwa kuliko yeye, na anionyeshe alichokitoa.

Kicheko chake kikakatika. Akawa mwekundu hadi kichwani.

"Shukeni. Wewe na mama. Wote nje."

Akapima gari bila watu, tangi bado limejaa, mbele ya macho yangu, akaniita nisome mwenyewe. Nikapiga magoti nikasoma. Nikajumlisha kwenye daftari. 515. Nikajumlisha tena. 515 kamili, kama katalogi.

"Haya, mkaguzi," akasema. "Nani mwizi hapa?"

Nikamwomba radhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ya kazi, na akaipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akasema bado ananishikia fremu hadi kesho jioni.

Nikageuka kumtafuta Glenda. Alikwisha kwenda kukaa ndani ya gari letu, mkanda amefunga, anatazama shamba lenye maua ya njano ng'ambo ya ua. Njia nzima alizungumza habari za Skye. Kama kuna nyumba za wageni zenye dirisha la kutazama bahari. Kama kiti cha Stoat kinaweza kuongezwa mto. Nilijibu ndiyo, ndiyo. Kichwani nilikuwa napiga hesabu, na hesabu ilikataa.

Jumapili, 12 Mei

Niko gereji, nafasi ya gari nimeifagia tangu Pasaka. Glenda yuko ndani, anasema anaumwa kichwa kidogo.

Hesabu. Nilianza upya, bila kudhani kitu.

Stoat tupu ni 515. Nimeona mwenyewe. Mimi ni 86. Nimejipima asubuhi hii, 86.

13 Aprili: 657 toa 515 toa 86. Inabaki 56.

27 Aprili, Linnet. Tuseme Lorna Thwaite ni mkweli kama mwenzake. 682 toa 542 toa 86. Inabaki 54.

Jana: 653 toa 515 toa 86. 52.

Nimekwenda jokofuni kutazama kadi ya nesi. 64. Tarehe ni ya Oktoba, Oktoba ya mwaka juzi! Kila siku nafungua mlango ule kutoa maziwa.

Miaka thelathini na moja niliwafundisha vijana: usikubali namba ya kuambiwa, pima. Nimepima magari ya watu, nimepima mizani zenyewe, nimepima mkate. Yeye sikumpima. Yeye nilimwandika tu.

Mkanda uliopwaya. Pai. Kitambaa shingoni kwenye jua. Pete. Kila Jumanne saa tano, na hakuna kitabu. Nilidhani ni Pargeter! Nitamwambia mwenyewe, alisema. Mwezi wa saba, si wa tisa. Si Desemba.

Naogopa. Naandika ili mkono ufanye kitu.

Labda nimekosea mahali. Mizani moja nimeileta hapa, iko sakafuni karibu na mlango. Nilitaka kuijaribu tena na jiwe la shaba. Jiwe liko pale pale nilipoliweka, sijaligusa.

Simu inalia ndani. Ni jioni, atakuwa Pargeter anataka jibu. Stoat au Linnet. Glenda haipokei.

Amekuja. Amesimama mlangoni na koti lake la nyumbani, mikono ndani ya mikono ya koti. Ameiona mizani. Ameona daftari. Nimemwambia, "Kaa ndani, G, kuna baridi." Simu bado inalia na hakuna anayekwenda.

Anavua viatu kando ya mizani.