Maabara Wamekataa Damu Yangu

Mshauri wetu, nisaidie kabla mtoto hajanifia, mimi ni mama mtu mzima wa hapa Itiryo, sikujaliwa mtoto wa kiume, hivyo nikatoa ng'ombe nikamwoa Gati kwa mila yetu ya nyumba ntobhu ili anizalie watoto wa ukoo wangu, akamzaa Werema, ambaye sasa anatembea na kusema lakini damu yake haikai, nimemnywesha dawa ya kuongeza damu chupa baada ya chupa, mchicha, maini, wapi, macho yamekuwa ya njano na vidole vimevimba, anashinda akilia, na juzi daktari akasema kuna upungufu wa damu wa kukosa madini chuma na kuna wa kurithi, lazima ajue huu ni upi, na baba naye aje apimwe, nikanyoosha mkono kwa sababu aliyeoa ni mimi, akasema, "Mama, si wewe," nikambeba mtoto tukarudi bila kupimwa, maana yule mwanamume aliyezaa na Gati yuko machimboni, dhahabu imemkubali, na akiandikwa kwa karatasi ya hospitali kuwa ndiye baba atamchukua Werema, mila hataijali, na Gati nimemkataza kabisa kumtaja.
Mama Rhobi, Itiryo

Shikamoo mama. Pole sana. Hofu yako naielewa, dhahabu imewasahaulisha wengi mila. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani umekosea vibaya.

Ugonjwa wa Werema unaonekana katika damu ya Werema mwenyewe. Watahesabu chembe zake na kuzitazama kwa darubini. Za aliyepungukiwa madini chuma huwa ndogo na zimepauka, na akiba ya madini hayo nayo hupimwa. Za selimundu, ule ugonjwa wa kurithi, hujipinda, na kuna kipimo kingine cha kuthibitisha. Macho ya njano na vidole kuvimba vinanitia wasiwasi kuwa ni selimundu, lakini barua haipimi damu. Usimnyweshe chupa nyingine kabla ya majibu, kwa sababu kama hana upungufu wa madini hayo, unamjaza asichohitaji.

Baba hupimwa ili mjue hatari ya mtoto atakayefuata, na hilo litangoja. Werema hawezi kungoja. Mpeleke leo, mwambie daktari, "Baba hayupo, mpimeni mtoto," nao watampima.

Gati mwende naye, damu yake inahitajika kujua kama amebeba ugonjwa wa kurithi. Umeniandikia yote haya, mama, na hakuna mahali uliposema umemuuliza mzazi wa mtoto anataka nini. Muulize mkiwa njiani.